ELIMU YA MALI NA KUHIFADHI ARDHI: AKIBA ZETU TUZITIE WAPI?



Tumeulizwa katika darsa, wala si mara moja au mbili, mas-ala haya: Mtu ni walii wa mayatima, au ameuza shamba la urithi, na mkononi ana fedha asizozihitaji leo wala kesho. Huku na huku asikia watu wakinadi mali iitwayo "ya kijani": umeme wa jua, umeme wa upepo, misitu, hati za kaboni, sukuk za kijani. Aambiwa kuwa akitia fedha zake humo atapata faida na ataiponya ardhi. Je, aingie au akae mbali?

Ndugu zetu wamegawanyika katika jambo hili. Wako wakimbiliao bila ya kuuliza, na wako waonao kuwa yote ni hadaa ya watu wa nje. Lakini ukiwasikiliza vizuri utaona kuwa mgawanyiko huu haukutoka katika fikhi. Watoka katika mambo mawili: kiasi cha elimu ya mali aliyo nayo mtu, na kiasi cha uchungu alio nao juu ya ardhi, maji na viumbe vilivyomo. Mambo haya mawili hayendi pamoja siku zote, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Tuanze na elimu ya mali. Mwaka wa 2004 wataalamu wawili wa Marekani, Annamaria Lusardi na Olivia Mitchell, walitunga maswali matatu mepesi ya kupima elimu hii. La kwanza lauliza fedha huongezekaje zikiwekwa kwa nyongeza ya kila mwaka. La pili lauliza fedha zaweza kununua nini bei zinapopanda kuliko nyongeza ile. La tatu lauliza kama ni salama zaidi kuweka mali yote mahali pamoja au kuigawa. Maswali ya namna hii yakaulizwa duniani kote mwaka wa 2014, na ikaonekana kuwa katika kila watu wazima watatu ni mmoja tu aliyekuwa na elimu hiyo. Kwa hivyo tusidhani kuwa ujinga huu ni wa mji wetu peke yake. Lakini pia tusiufanye kuwa udhuru.

Huenda mtu akasema: "Sisi riba ni haramu kwetu, hesabu yake yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Asiyejua hesabu ya riba haijui hata inapomwingia nyumbani kwa jina jingine. Mkopo wa simu unaotozwa shilingi 7.50 kwa kila shilingi 100 kwa mwezi mmoja, na kuitwa "ada", ukirejewa mwezi baada ya mwezi kwa mwaka mzima ni shilingi 90 kwa kila 100. Ni wangapi katika vijana wetu wanaochukua mkopo huo asubuhi, na jioni wakaja msikitini kusikiliza darsa ya Suratul Baqara!

Sasa tuangalie swali la pili, kwani ndilo linalowadhuru mayatima. Tukadirie walii amewekewa shilingi milioni 4, naye kwa kuogopa haramu akazifungia sandukuni. Tukadirie pia kuwa bei za vitu zapanda 6 kwa mia kila mwaka. Katika madhehebu yetu ya Shafii mali ya yatima hutolewa zaka, na zaka ni mbili na nusu kwa mia. Baada ya miaka 8 zitakuwa zimebaki sandukuni kama milioni 3 na robo, na fedha hizo hazitanunua zaidi ya kilichonunuliwa kwa milioni 2 siku ile ya kwanza. Hapana mwizi aliyeingia, wala walii hakula hata senti moja. Hata hivyo nusu ya nguvu ya mali imekwenda. Ndiyo maana imepokewa kwa Sayyidna Umar (R.A.) kuwa aliamrisha mali ya mayatima ifanyiwe biashara, isije ikamalizwa na zaka. Mtu aonaye kuwa kuficha fedha ndiko kuzihifadhi hajaifanya hesabu hii.

Lakini khofu ya walii huyo ina asili yake. Watu wa nchi hii wameumwa na nyoka, nao wana haki ya kuogopa ukuti. Kamati iliyoundwa na serikali kuchunguza upatu wa piramidi, iliyotoa ripoti yake mwaka wa 2009, ilihesabu kuwa wananchi walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Kisha ikaja mwaka wa 2013 na 2014 khabari ya kware: watu wakauza ng'ombe wanunue kware, mayai yakauzwa kwa bei ya ajabu, na kwa muda wa miezi michache tu hapakuwa na mnunuzi. Waliotia mwanzo walipata, na fedha walizozipata zilikuwa ni za waliotia mwisho. Yeyote aliyelijua swali la tatu, lile la kutoweka mali yote mahali pamoja, alipata khasara ndogo. Asiyelijua aliuza nyumba.

Ama lile jambo la pili, uchungu juu ya ardhi, watu wa pwani hawana haja ya kusomeshwa na mtu wa mbali. Nyumba za mawe za Lamu na Mombasa zina vyumba vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ndiyo iliyopima upana wa chumba. Mababu zetu waliita kila kipimo kwa jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Na miti yenyewe waliijua mmoja mmoja: mkoko, mkandaa, muia, mchu, mlilana. Majahazi yalipakia boriti kwenda Bara Arabu na Ghuba karne baada ya karne, mpaka serikali ilipokataza kuzipeleka nje mwaka wa 1982. Mikoko ya Kenya ni kama hekta 61,000, na zaidi ya nusu yake iko Lamu. Mvuvi ajua kuwa mikoko ikikatwa, kamba na kaa huhama na samaki wadogo hukosa pa kukulia. Aliye na shamba pwani ajua kuwa bahari huingia.

Na dini imeupa uchungu huu mahali pake. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwa mwenye kupanda mti huandikiwa sadaka kwa kila atakachokula humo ndege, mnyama au binadamu. Alitenga bonde la Naqii karibu na Madina liwe hima, lisichezewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika kisiwa cha Misali huko Pemba, wavuvi walisomeshwa hifadhi ya bahari kwa Qur-ani baada ya makatazo ya serikali kutowaingia sana. Neno la dini lilifika pale ambapo karatasi ya sheria haikufika. Twalitaja hili kwa sababu wapo katika sisi wadhanio kuwa kuhifadhi mazingira ni mtindo ulioletwa na wageni.

Je, uchungu huu hubadilisha namna mtu anavyotia mali yake? Hubadilisha. Wataalamu wawili wa Uholanzi, Arno Riedl na Paul Smeets, walieleza mwaka wa 2017 kuwa watu wa huko wanaotia fedha katika mifuko ya kheri ya jamii wengi wao walitazamia faida ndogo kuliko ya mifuko mingine, na hata hivyo walitia. Hawakudanganyika, walijua watakachokikosa, wakakiridhia. Hili Mwislamu halimshangazi, kwani kila anayekataa riba amekwisha kufanya chaguo la namna hiyo.

Lakini mapenzi bila ya elimu ni mlango wa mwizi. Machi 2016 kampuni ya Morningstar ya Marekani ilianza kuipa mifuko ya uwekezaji alama, tangu dunia moja mpaka dunia tano, kwa kadiri inavyochunga mazingira na jamii. Samuel Hartzmark na Abigail Sussman wa Chuo Kikuu cha Chicago wakafuatilia. Mifuko iliyopewa dunia tano iliingiza zaidi ya dola bilioni 24, na iliyopewa dunia moja ilitokwa na zaidi ya dola bilioni 12, kwa muda usiotimia mwaka. Wataalamu hao hawakupata ushahidi kuwa mifuko ya dunia tano ilileta faida kubwa kuliko mingine. Twapata hapa faida mbili. Ya kwanza, kuwa watu kwa jumla wayajali mazingira kweli, wala si maneno ya midomo. Ya pili, kuwa picha ndogo tu ya dunia iliyopigwa karatasini yaweza kuvuta mabilioni. Basi mtu mwenye nia mbaya ahitaji nini zaidi ya rangi ya kijani na maneno matamu?

Na elimu ya mali bila ya uchungu wa ardhi, hiyo yapita kwa ubaya. Hapa hapa Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa risasi. Kwa mwenye kutazama daftari ilikuwa ni biashara safi: betri hupatikana rahisi, risasi huuzwa ghali. Lakini sumu ya risasi iliingia hewani na katika maji na katika damu za watoto. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014, na Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa ikaamua wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kisha kesi ikaendelea kwa rufani miaka mingine. Daftari lile halikuandika chochote juu ya damu ya mtoto. Kanuni ya mafakihi inayokataza madhara haikumhusu mwenye kiwanda peke yake. Yamhusu pia kila aliyetia fedha zake pahali kama pale hali ya kuwa ajua.

Sasa twaja kwenye fikhi, na hapa twawaomba wasomaji wawe na makini, kwa sababu watu wachanganya mambo mawili. Kitu kuwa cha kijani hakukifanyi kuwa halali. Na kitu kuitwa cha Kiislamu hakukifanyi kuwa cha kijani.

Chukua mfano wa kwetu. Mwaka wa 2019 ilitolewa Kenya hati ya kwanza ya deni ya kijani, ya shilingi bilioni 4.3, kwa ajili ya kujenga mabweni ya wanafunzi yasiyopoteza maji na umeme. Kazi yenyewe ni njema. Lakini aliyeinunua alikopesha fedha kwa nyongeza iliyowekwa kwa kila mwaka, na hiyo ni riba. Kijani chake hakiibadilishi. Mwaka wa 2023 ikaingia katika Soko la Hisa la Nairobi sukuk ya shilingi bilioni 3, ya kujenga nyumba. Hii ni namna nyingine ya mapatano. Ama kuwa nyumba hizo zachunga ardhi au hazichungi, hilo lataka kuulizwa peke yake.

Yawezekana mambo haya mawili kukutana? Yawezekana, na yamekwisha kutokea. Mwaka wa 2017 Malaysia ilitoa sukuk ya kwanza ya kijani duniani, ringgit milioni 250, kwa ajili ya umeme wa jua huko Kudat, jimbo la Sabah. Mwaka uliofuata serikali ya Indonesia ilitoa sukuk ya kijani ya dola bilioni 1.25. Na lililotupendeza zaidi ni hili: Novemba 2019 Indonesia iliuza sukuk ya kijani kwa raia wa kawaida, na mtu aliweza kuingia kwa rupia milioni 1, ambazo hata mwenye duka dogo aweza kuziweka akiba. Yaani mlango haukuwa wa matajiri peke yao. Sisi bado hatujafunguliwa mlango kama huo, na ni haki yetu kuudai.

Asili ya sukuk, kwa asiyeijua, ni hii. Mwenye hati si mkopeshaji. Yeye ni mshirika anayemiliki fungu la kitu chenyewe, kama mtambo, nyumba au ardhi, na anachokipata ni ijara ya kitu kile au fungu la faida yake. Kitu kikiharibika bila ya kosa la mtu, khasara ni yake kwa kadiri ya fungu lake. Hapo ndipo halali yake ilipo, kwani faida hufuata dhamana. Lakini jina halitoshi. Mwaka wa 2007 Sheikh Muhammad Taqi Usmani alisema wazi kuwa sukuk nyingi zilizokuwa sokoni zilikuwa na ahadi ya kumrudishia mwenye hati rasilmali yake yote kwa hali yoyote, na ahadi hiyo huzigeuza zikawa deni lenye kanzu na kilemba. Mwaka wa 2008 baraza la AAOIFI huko Bahrain likatoa maagizo ya kulirekebisha jambo hilo. Basi akikuambia mtu, "Hii ni sukuk, ina saini ya masheikh", mwulize: Nikinunua hati hii namiliki nini? Na kikiungua, ni nani apatae khasara? Akibabaika, shika njia yako.

Tumeulizwa pia juu ya hati za kaboni. Huko Gazi, Kwale, tangu mwaka wa 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wahifadhi hekta 117 za mikoko katika kazi iitwayo Mikoko Pamoja. Wataalamu hupima hewa mbaya inayofungwa na miti na matope yake, nayo huuzwa kama tani 3,000 kila mwaka kwa watu wa nje wanaotaka kufidia uchafu wao. Fedha zimeleta maji na vifaa vya skuli. Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata na hekta zaidi ya 400. Akauliza mwanafunzi mmoja: "Je, hii si kuuza hewa, na hewa haimilikiwi?" Swali zuri. Tuonavyo sisi, hiki kinachoitwa kuuza si kuuza hewa. Kimeshabihi zaidi ju'ala, nayo ni kumwekea mtu malipo kwa kazi ijulikanayo akishaitimiza: amepanda, amelinda, ikapimwa, akalipwa. Na ju'ala yajuzu kwetu hata kama kiasi cha taabu hakikujulikana mwanzo. Lakini pana sharti: kipimo kiwe cha kweli, na tani moja isiuzwe mara mbili. Ama anayenunua hati hizo bila ya kuzihitaji, akingoja tu bei ipande, huyo amekaribia kamari, nasi hatumshauri mtu wetu kuingia humo. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.

(Wako wasemao kuwa mnunuzi wa Ulaya ajisafisha kwa fedha na aendelea kuchafua. Huenda ni kweli kwa baadhi yao. Lakini dhambi yake haiharamishi ujira wa mlinzi wa mikoko.)

Turudi kwa walii wetu. Hatumwambii aifungie mali sandukuni, na hesabu tumekwisha kumwonyesha. Wala hatumwambii aitie yote katika kijani kwa kuwa ni thawabu, kwani mali si yake, na sadaka haitolewi kwa mali ya yatima. Yeye akipenda kukosa sehemu ya faida kwa ajili ya ardhi, na afanye kwa mali yake mwenyewe; kwa ya yatima atafute lililo halali, lenye salama na maslahi, na katika yaliyo sawasawa achague lisilodhuru, kwa sababu yatima huyo ndiye atakayekaa katika ardhi hii miaka 50 ijayo. Aigawe mafungu. Akiletewa hati yoyote, aende kwanza kuuliza katika Mamlaka ya Masoko ya Mtaji kama mwenye kuitoa ana ruhusa. Kuuliza hakuna gharama. Asitie mali kwa mtu aahidiye faida ile ile kila mwezi bila ya kueleza kazi inayoileta, au amletaye malipo zaidi kwa kila mtu amwingizaye. Na atakalolifanya aliandike mbele ya mashahidi wawili, karatasi moja ikae na jamaa wa mayatima, kwani Aya ya deni katika Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur-ani, imekuja kwa ajili ya kuandikiana.

Na asione haya kusema "sifahamu". Tumewaona watu wazima, wenye vilemba, wakitia saini karatasi za Kiingereza ambazo hawakuzisoma, kwa kuona haya mbele ya kijana aliyevaa tai. Skuli na madrasa zetu zawafundisha watoto mirathi, mpaka fungu la nyanya na la kaka wa mama mmoja. Itakuwa vyema waalimu wakaongeza darsa moja kwa juma ya hesabu za biashara, sukuk na mudharaba, na siku moja katika muhula wawapeleke watoto kupanda mikoko, maji yanapokupwa.

Ama zaka ya hati hizi, ni ya biashara au ni ya mapato ya ijara, wanazuoni wa zama zetu wamekhitalifiana, na mlango wake ni mrefu. Tutaufungua katika toleo lijalo, inshaallah.